Theluji ya Kibo na Mkaa wa Kwashemshi

Barua imetufikia kutoka Kwashemshi, katika wilaya ya Korogwe, iliyoandikwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Ametuomba tusilitaje jina lake, nasi twaliheshimu ombi hilo. Barua za namna hii hatuzipati kila juma. Nyingi ziletwazo kwetu zina malalamiko juu ya makosa ya watu wengine. Hii yaleta shaka ya mtu juu ya tendo lake mwenyewe, tena tendo ambalo kijiji kizima kilimsifu kwalo.

Habari yenyewe ni hii. Kwa muda mrefu baadhi ya watu wa huko walikuwa wakipanda milimani, Usambara, kukata miti na kuchoma mkaa. Mkutano ukaitishwa, na mwalimu akaombwa aseme neno, kwa kuwa ni mtu wa kusoma. Akasema. Aliwaambia kwamba kila mti wanaoukata unaiyeyusha theluji ya Kilimanjaro, na kwamba siku ile theluji itakapokwisha, maji ya Kwashemshi nayo yatakwisha. Akawaonyesha picha mbili za Kibo, moja ya zamani, nyeupe tele, na moja ya siku hizi, yenye mabaka tu. Watu wakashtuka. Mzee mmoja, ambaye kwa mkaa wake alikuwa akimnunulia mjukuu wake sare, madaftari na mahitaji ya bweni, alilizima tanuru lake juma lile lile. Wengine wakamfuata.

Sasa mjukuu huyo amerudi likizo. Amekwenda kumwamkia mwalimu wake wa zamani, na baada ya shikamoo na marahaba akamwuliza kwa adabu zote: “Mwalimu, maji yetu yanatoka Kilimanjaro kwa njia ipi?” Mwalimu hakuwa na jibu. Anatuandikia kwamba tangu siku ya mkutano alijua jambo halikuwa sawasawa kama alivyolisema, lakini alijua pia kwamba lingewagusa watu. Miti imesalimika. Je, amekosa? Na kama amekosa, yampasa arudi mbele ya watu na kukiri, hali anaogopa kwamba watarudi na mashoka yao?

Kabla ya kumjibu, yafaa tujue mambo yenyewe yalivyo, maana asiyeujua ukweli hawezi kuupima uongo.

Theluji ni kitu kigeni kwa wengi wetu. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza, alipouona weupe juu ya Kibo, kiongozi wa safari yake aliuita “baridi” tu, wala hakukosea. Aliyekosea ni bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, mjuzi wa ramani ambaye hakupata kufika Afrika, naye akakataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Theluji hiyo ikishuka kileleni, karibu na mita 5,895 juu ya bahari, hugandamana mwaka hata mwaka ikawa barafu. Mwaka 1912 barafu ya mlima huo ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Haya yamepimwa. Picha mbili alizozionyesha mwalimu zilikuwa za kweli.

Ni kitu gani basi kiilacho barafu hiyo? Mtu atajibu upesi kwamba ni joto, na jibu hilo ni sahihi kwa milima mingi ya dunia, lakini juu ya Kibo lataka maelezo. Huko kileleni wastani wa hewa kwa mwaka ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri, yaani baridi ya kugandisha maji. Kinachoila barafu zaidi ni jua lenyewe. Theluji mpya, kwa weupe wake, hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, kama bati jipya linavyoumiza macho wakati wa adhuhuri. Lakini theluji mpya ikikosa kushuka, ile kuukuu huchafuka kwa vumbi, nayo huumeza mwanga kama bati lenye kutu. Mawingu yakiwa haba, jua hupata nafasi kubwa zaidi. Barafu inayotazama mashariki hupigwa na jua kamili la asubuhi, na ile ya magharibi hupata kivuli cha mawingu yapandayo alasiri. Tena hewa ikiwa kavu, barafu hutoweka bila hata kuwa maji: hugeuka mvuke pale pale ilipo, kama kafuri ipunguavyo ndani ya sanduku la nguo pasipo kulowesha kitu. Msomaji ashike neno hili la kafuri, maana latuhusu. Sehemu kubwa ya barafu ya Kibo haishuki kwa mtu ye yote, yapanda angani.

Wataalamu waliouchunguza mlima huo, kama Georg Kaser na wenzake walioandika mwaka 2004, wanasema kwamba mwanzo wa kupungua kwake ni ukavu ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Wengine hulipa uzito zaidi joto la dunia linaloongezeka kwa moshi wa viwanda na magari. Hatuoni kwamba maneno haya mawili ni maadui, maana Bahari ya Hindi ikipata joto, pepo na mvua zetu hubadilika, na mabadiliko hayo hupanda mpaka kileleni.

Na miti je? Mwaka 2012 Thomas Mölg na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya swali hilo hilo, wakaona kwamba ukataji wa misitu una sehemu ndogo tu katika kupotea kwa barafu ya Kilimanjaro. Hapo wasema juu ya miti iliyo miteremkoni mwa Kilimanjaro wenyewe. Mti wa Usambara, ulio mbali zaidi ya kilomita 200, hauna neno na Kibo, isipokuwa kwa ule moshi wake kidogo uingiao katika moshi mkubwa wa ulimwengu.

Limebaki jambo la maji, na hapa yatupasa tukiri kwamba si mwalimu huyu peke yake aliyekosea. Ni mara ngapi imeandikwa, hata na watu wa kalamu kama sisi, kwamba theluji ya Kibo ndiyo mama wa mito yetu? Mto Pangani, upitao Korogwe, kweli hupata maji yake mengi kutoka Kilimanjaro na Meru. Maji hayo hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hushuka mpaka kwenye mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani. Lakini ni maji ya mvua, yaliyonyeshea msitu na kunywewa na udongo wake. Hebu tufanye hesabu, kama wafanyavyo watoto shuleni. Barafu yenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba ikipungua unene wa mita moja kwa mwaka, na hata tukijifanya kwamba yote imekuwa maji, haifiki mita za ujazo milioni 1. Kilomita moja ya mraba ya msitu wa upande wa kusini, unyeshewao milimita 2,000 kwa mwaka, hupokea mita za ujazo milioni 2. Na msitu wa Kilimanjaro una kilomita za mraba za namna hiyo kwa mamia. Moto ulipowaka juu ya mlima mwezi Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022, huenda wako waliouliza kama barafu imedhurika. Ilistahili kuuliza kwanza juu ya miti na vichaka vya juu, ambavyo kwa majani na kuvu zake hukamata umande wa ukungu na kuudondosha chini, hata siku zisizo na mvua.

Basi maji ya Kwashemshi hayatoki hata huko. Yanashuka Usambara, mlima ule ule uliosimama juu ya mashamba ya mkonge, na yale yanayosalia hufuata bonde la Luengera mpaka Pangani, karibu na Korogwe. Mjukuu aliuliza swali zuri.

Twarudi kwa mwalimu. Utetezi wake twaujua, maana kila mzazi ameutumia. Mama humwambia mtoto kwamba kisimani mna zimwi ili asichungulie akatumbukia. Hakuna amwitaye mama huyo mwongo mbaya. Lakini tutazame vizuri tofauti iliyopo. Mtoto haelewi bado kina cha kisima, naye atakapoelewa, zimwi litatoweka lenyewe na mama atacheka pamoja naye. Mzee yule wa Kwashemshi si mtoto. Amekwisha kulea watoto na sasa analea wajukuu. Ajua ugumu wa mwamba, ajua majira, na pengine aujua mlima ule kuliko mwalimu. Kumletea zimwi ni kumshusha daraja mbele ya watu pasipo yeye kujua. Naye hatacheka atakapojua.

Tena kuna jambo zito kuliko heshima. Mzee alitoa kitu. Aliacha gunia zake za mkaa, na gunia zile zilikuwa madaftari ya mjukuu. Mtu akiuza ng'ombe wake akalipwa fedha bandia, hatumwambii kwamba haidhuru kwa kuwa ng'ombe amepata zizi zuri zaidi. Twasema ameibiwa. Mzee alifanya biashara na kijiji chake: mimi nitaacha riziki yangu, na kwa riziki hiyo theluji itabaki. Alichouziwa hakikuwapo. Inawezekana angeliacha mkaa hata kwa sababu ya kweli. Lakini hilo lilikuwa lake kuliamua, wala mwalimu hakuwa na haki ya kuamua kwa niaba yake kwa kumficha sababu hiyo.

Yuko atakayesema: mnakuza mambo, neno dogo tu lilitiwa chumvi kwa nia njema. Twajibu kwamba neno hilo dogo lilimgusa mtu mwingine pia ambaye hakuwapo mkutanoni. Bara zima la Afrika, lenye zaidi ya sehemu moja katika sita ya watu wote wa dunia, halitoi hata asilimia 5 ya moshi unaoongeza joto la ulimwengu. Ukimwambia mchoma mkaa wa Kwashemshi kwamba yeye ndiye aliyeimaliza theluji ya Kibo, umemtwika mzigo wa watu wa mbali sana, wenye mitambo mikubwa na magari mawili mlangoni, nao wamesamehewa pasipo hata kuomba. Uongo wa kumtisha maskini aghalabu humfariji tajiri. Sidhani kwamba mwalimu aliliona hilo, nasi hatumlaumu kwa kutoliona; twasema tu kwamba uongo hauishii pale alipoukusudia mwenye kuusema.

Hata hivyo, maneno yale yale ya mwalimu yangaliweza kuwa ya kweli mahali pengine. Katika milima ya Himalaya, masizi ya majiko na ya matanuru ya matofali hupeperushwa na upepo mpaka juu ya theluji, yakaitia weusi, ikayeyuka mapema. Na chini yake mto Indus hunywesha mashamba ya mamilioni ya watu wa Pakistan kwa maji ambayo sehemu yake kubwa ni ya theluji na barafu kweli kweli. Mwalimu wa huko akiwaambia watu wake habari ya moshi na theluji, amesema haki. Yafaa tulifikiri jambo hili. Mafundisho ya mlima mmoja hayahamishwi kama mbegu za mahindi, yakapandwa popote. Bwana Cooley alikaa London akaikana theluji iliyokuwapo. Mwalimu wetu alikaa Kwashemshi akaishusha theluji mahali isikofika. Wote wawili walisema juu ya mlima wasioukanyaga, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba msikilizaji wake hatakwenda kutazama.

Lakini wasikilizaji hutazama. Mwaka 2002 mtaalamu wa Marekani, Lonnie Thompson, na wenzake waliandika kwamba, mambo yakiendelea vile vile, barafu ya Kibo itakuwa imekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na barafu, ijapokuwa kidogo, bado iko. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilisema kwamba itakuwa imekwisha kufikia mwaka 2050. Sasa twawasikia watu wakisema kwa dharau kwamba hata tarehe hiyo itasogezwa. Thompson hakusema uongo. Alipima, akakisia, akaweka makisio yake mbele ya wenzake wapate kuyakosoa, na kukosea kwa njia hiyo si dhambi ya ulimi. Walakini, ikiwa makisio ya mtu mwaminifu yasipotimia huzaa dharau kiasi hiki, je, hila ya mtu aliyejua ikifichuka itazaa nini? Mjukuu amekwisha kuuliza. Hatauliza peke yake siku zote. Siku watakapojua kwamba habari ya theluji ilikuwa zimwi la kisimani, habari ya kijito nayo wataiita zimwi, ingawa ni kweli tupu.

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe, wala hatutaki kulipamba. Ukweli wa kijito una nguvu ndogo kuliko picha ya Kibo. Mti ukikatwa leo, kijito hakikauki kesho. Mvua ya masika ijayo itashuka kwa nguvu, mto utajaa, na mtu atacheka akisema, mbona maji ni mengi? Hataona kwamba yamepita juu ya udongo badala ya kuingia ndani yake, na kwamba yale yaliyopita kwa kishindo mwezi wa nne ndiyo yatakayokosekana mwezi wa kwanza. Ukweli huu wataka subira, na mwenye njaa hana subira ya kutosha. Mwalimu anaogopa kwamba akiivua hofu ile kubwa na kuwavika hofu hii ndogo, baadhi watarudi mlimani. Twadhani anaogopa kwa haki. Hatuwezi kumwahidi kwamba hakuna mti utakaoanguka kwa sababu ya ungamo lake.

Hata hivyo shauri letu ni kwamba arudi akaseme. Hatusemi hivyo kwa sababu tuna hakika kwamba miti itapona zaidi kwa njia hiyo. Tukisema kwa sababu hiyo tutakuwa tunafanya kama yeye, tukiuchagua ukweli kwa faida yake kama mtu achaguavyo jembe. Twasema hivyo kwa kuwa mzee yule ana haki ya kujua alichotoa na alitoa kwa ajili ya nini. Mtu hawezi kuwa mwenzako katika kulinda mlima ikiwa wamchukua kama mtu wa kuswagwa.

Na arudi na jambo la pili mkononi, ambalo katika barua yake yote hakuligusa hata kwa neno moja. Nani amemlipia mjukuu madaftari tangu tanuru lilipozimwa? Ikiwa kijito ni cha wote, na mzee ameacha mkaa ili wote wanywe, basi hasara isiwe ya mzee peke yake. Kijiji kilichopiga makofi mkutanoni chaweza kufikiri juu ya mizinga ya nyuki, au miche, au mchango wa nyumba kwa nyumba; wao wajua kuliko sisi kinachowezekana. Pengine hofu ya theluji ilipendwa na wengi kwa sababu hii hasa, kwamba haikudai mfukoni mwa mtu ye yote isipokuwa mchoma mkaa.

Msomaji asidhani kwamba kwa hesabu zetu za mita za ujazo tumesema barafu ya Kibo ikipotea si kitu. Wachaga wameiangalia kizazi baada ya kizazi, na watoto wa nchi nzima wameichora kwa chaki kwenye mbao za shule. Haimnyweshi mtu wa Kwashemshi, wala haimdai kitu. Naye hajapata kuiona ila katika picha ya mwalimu. Lakini mzee yule alipoitazama picha ya pili, yenye mabaka, mwalimu anaandika kwamba alinyamaza kitambo kirefu, na hatudhani kwamba wakati ule alikuwa akifikiri juu ya ndoo zake za maji. Huzuni ile ilikuwa ya haki. Haikuhitaji kuongezewa uongo.

Tulikuwa tumekwisha kuyaandika haya tulipopokea barua ya pili. Mwalimu hakungoja jibu letu. Alikwenda kwa mzee jioni, peke yake kwanza, akamweleza yote. Mzee hakumkasirikia, au kama alikasirika hakuonyesha. Aliuliza neno moja tu: “Na hii habari ya kijito, mwanangu, mwakani hutakuja kunibadilishia?” Mwalimu akamwambia kwamba hiyo waweza kwenda kuitazama wenyewe, huko juu miti ilikokatwa na kule ilikobaki, wakaone maji yanavyotoka ardhini. Wamekubaliana kupanda Jumamosi, pamoja na mjukuu, kabla likizo haijaisha.